Jina Moja kwenye Jiwe la Ballydurra

Hapo zamani, babu wa babu yangu akiwa hajaota meno, palikuwa na mji uitwao Ballydurra, nchi ya Ireland. Mnadhani Mwingereza alianzia ukoloni kwetu? Watu wale walitutangulia kutawaliwa, na walikuwa weupe kama yeye. Mwaka huo viazi viliozea ardhini, watu wakafa kwa njaa, huku nafaka yao ikipakiwa melini kwenda kwa mabwana Uingereza.

Akatokea mtu, Fintan Tierney, akasema nchi hii ina wenyewe. Askari wakamsaka, mji ukamficha. Kapteni wao akatoa siku tatu: asipopatikana, nyumba zote zichomwe.

Siku ya pili akafa kijana Malachy, mtoto wa mjane Nora Kilduff. Njaa ilimmaliza. Feeney, seremala wa majeneza, akamwendea mjane. "Mama Malachy, nipe maiti ya mwanao. Tuseme ndiye Tierney. Kapteni hajapata kumwona, na njaa imetufananisha sura sote."

Nora akamfumba mwanawe macho. Kisha akasema, "Mchukue."

Desturi ya watu wale, maiti hulazwa nyumbani, na wanawake humlilia kwa kumtaja jina. Askari wakaja kusikiliza. Nora akakaa penye kichwa cha mwanawe, akalia, "Ee Fintan, umetuachia nani?" Siku nzima alimlilia Fintan. Feeney akaapa mbele ya kapteni kwamba ndiye, akachonga msalaba wa jina la Tierney. Kapteni akaridhika. Tierney akatorokea milimani.

Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Makaburini, udongo wa kwanza ulipogonga jeneza, Nora akapiga ukelele: "Malachy! Mwanangu Malachy!" Askari mmoja akasikia.

Feeney akakamatwa. "Mjane hana kosa," akasema. "Mimi nilimlazimisha, na mji haukujua." Kapteni akaamuru anyongwe baada ya siku nne.

Habari zikamfikia Tierney. Meli ya Amerika ilikuwa inamngoja, akaiacha, akarudi kwa miguu ajitoe badala ya Feeney. Akafika siku ya tano, Feeney amekwisha kunyongwa. Wengine husema mto ulifurika. Wengine husema alisita siku moja. Naye akanyongwa, maiti yake ikatupwa kwenye shimo la chokaa. Kwa kuwa hakuwa na kaburi, watu wakauacha ule msalaba wake pale alipolala Malachy.

Ikapita miaka hamsini. Mji ukanunua jiwe la kumbukumbu, liwekwe ukutani sokoni. Lilikuwa dogo, la jina moja tu. Fundi akauliza, "Nichonge nani?"

Mpwa wa Tierney akasema, "Mjomba alikuwa na njia ya kuishi, akarudi kufa. Bila yeye, mngekuwa na nini cha kukumbuka?"

Binti Feeney akasema, "Alirudi kumkuta baba yangu kambani. Baba aliuokoa mji, akamwokoa Tierney, na mjane pia. Yeye nani alimwokoa?"

Kisha akainuka Una, dada yake Malachy, bibi kizee anayetembelea mkongojo. "Hao wawili walichagua," akasema. "Kaka yangu hakuulizwa. Kila mwaka mnaweka maua ya Tierney juu ya kifua chake. Mama hakulitaja tena jina la mwanawe hadi anakufa, aliogopa ulimi wake. Nimebaki mimi. Nikienda, nani atajua kwamba aliishi?"

"Mama yako aliweza siku nzima," binti Feeney akasema, "akashindwa dakika moja. Dakika hiyo ndiyo iliyomwua baba yangu."

"Ulitaka amzike mwanawe kwa jina la mtu mwingine?" Una akauliza.

Una akaketi.

Fundi ameshika patasi, anangoja. Nyie mliokula mkashiba leo, mwambieni: achonge jina la nani?