Ramani Iliyonuka Dagaa

Wahenga waliponena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walijua kwamba chombo huharibika, lakini mikono inayoijua kazi hubaki.

Sabina alikuwa na mwezi wa pili katika shule moja ya Magu, akifanya mazoezi ya kufundisha Maarifa ya Jamii. Mwanawe wa miaka mitatu alibaki Kiseke kwa bibi yake. Kila jioni Sabina alisonga ugali wa mtu mmoja akala ameuelekea ukuta, mpweke kama kinda lililoachwa kiotani. Kabla ya chuo, kwa miaka minane alianika dagaa kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, na jua likizama akaenda darasa la watu wazima, vidole vikinuka. Sasa ilibaki hatua moja: mkufunzi Machibya wa chuoni aje amkague akifundisha. Mwaka uliopita alianguka ukaguzi huo. Akianguka tena chuo kingemfuta, naye angerudi kwenye vichanja vya dagaa.

Asubuhi ya ukaguzi alivuta ramani ya kufundishia kutoka uvunguni mwa kitanda. Mama yake alikuwa ameifunga ndani ya gunia la dagaa ili isilowe njiani. Panya walinusa harufu ya dagaa. Ziwa Victoria lote lilikuwa limeliwa!

Alipiga simu, machozi yakimlengalenga. "Mama, panya wameila ramani."

"Yesu wangu! Ni lile gunia langu?"

"Hapana, mama. Panya tu."

"Basi nyamaza, mwanangu. Ziwa hili umelijulia Mwaloni, si kwenye karatasi."

Machibya alifika uso umekunjamana.

"Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba. Ramani iko wapi?"

"Iko nje."

Uwanjani Sabina alikuwa amechora ziwa kwa majivu. Aliwapanga wanafunzi ukingoni, Bukoba magharibi, Musoma mashariki, akieleza kila mwambao unaleta nini sokoni, kama alivyosikia kwa wanawake walioanika naye.

"Nkwabi, wewe ni Ukerewe. Ingia majini!"

"Mwalimu, sijui kuogelea!"

"Kisiwa hakiogelei. Simama tu."

Darasa likaangua kicheko. Machibya alisogea kusikia vizuri.

"Na mimi niko wapi, mwalimu?"

"Samahani, Mkufunzi, umezama."

Mzee yule alitazama majivu kwenye viatu vyake, akacheka hadi miwani ikamteleza. Kisha akaandika: *Amefaulu.*

Jioni ile Sabina alikula peke yake tena, ila aligeuza kigoda kikaelekea mlangoni, simu ikiwa sikioni, mwanawe akimwimbia. Naam, koleo lilivunjika, lakini uhunzi haukukoma.