Kigingi cha Kalumbwe

Kuhamisha kigingi si kuhamisha ziwa.

Asubuhi, redio ilipotangaza kwamba wakubwa wa dunia wamekutana tena na kusogeza mbele mwaka wa kupunguza moshi wao, mlimsikia shangazi yenu akiguna na kuyasema maneno hayo. Sasa mnaniuliza yametoka wapi. Kaeni, wajukuu zangu. Yametoka hapa hapa Kalumbwe, na ninayajua kwa sababu katibu wa kikao kile cha ovyo nilikuwa mimi.

Mwaka ule ziwa lilianza kupanda. Mvua zilikuwa zimeharibika, na mlimani miti ilikuwa imekatwa kwa mkaa, udongo wote ukashuka ziwani. Watu wa bondeni wakawalaumu wachoma mkaa. Wachoma mkaa wakasema joto la dunia limeletwa na viwanda vya mbali, basi kwa nini waanze wao wenye matanuri matatu? Wengine wakasema ni kazi ya Mungu. Tulibishana miezi miwili, na kila neno nililiandika.

Mwishowe tukapiga kigingi cha mninga, hatua mia moja kutoka majini. Tukaapa kwamba siku maji yakikigusa, matanuri yanazimwa na watu wa bondeni wanapewa viwanja mlimani. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, mjinga mimi.

Nyumba ya chini kabisa ilikuwa ya Tekla, mjane mwenye watoto wanne. Aliijenga kwa tofali mbichi alizozifyatua kwa mikono yake. Tofali mbichi zikiwa kavu unaweza kuzibomoa ukahama nazo. Zikilowa, umebaki na tope. Kwa hiyo Tekla alitaka jambo moja tu: apewe kiwanja kabla ukuta haujalowa.

Maji yakafika kigingini. Mwenyekiti wetu, Sikazwe, ambaye matanuri yalikuwa ya kaka zake, akaita kikao. Mnadhani tuliamua nini? Tuliamua kwamba kigingi kilipigwa bondeni mno, tukakihamisha hatua thelathini juu. Maji yakakifuata. Tukasema mvua za mwaka huu si za kawaida, tukakihamisha tena. Mara ya tatu tulisema tumngoje mtaalamu, na kigingi kikapanda huku tukimngoja. Mtaalamu akaja, akasema zimeni matanuri, hameni. Tukamshukuru, tukampa kuku, tukakihamisha mara ya nne. Hata leo nikikumbuka napandwa na hasira, na wa kumtolea simwoni ila mimi mwenyewe.

Kila mara Tekla alikuja kuniuliza, "Kaka Pastori, nianze kubomoa?"

Nami nilimjibu, "Subiri, dada. Kiwanja hakitolewi mpaka maji yafike kigingini."

Sikumdanganya. Kweli yalikuwa hayajafika.

Kikao cha tano, maji yakiwa yamebakiza hatua chache kufika tena kigingini, Sikazwe alikuwa anauliza nani anaunga mkono hatua arobaini na nani hamsini, Tekla akaingia. Kanga ilikuwa imelowa hadi kiunoni, mikono imejaa tope.

"Ukuta umeanguka," alisema.

"Pole, mama," Sikazwe akamjibu. "Lakini tuko katikati ya ajenda. Na kwa kumbukumbu zetu, maji hayajafika kwenye kigingi."

"Kigingi mmekihamisha mara nne, mwenyekiti. Ziwa mmelihamisha mara ngapi?"

Wajumbe wakaangalia meza. Sikazwe akakohoa, akanigeukia.

"Katibu, hoja ya mama iingie kwenye muhtasari. Tuendelee. Arobaini au hamsini?"

Nikaandika. Ndiyo, wajukuu zangu, niliandika, tena kwa mwandiko mzuri, nikaweka na nukta. Tekla alisimama akiitazama kalamu yangu mpaka ilipomaliza, kisha akatoka. Hamsini ikashinda. Siku ile ile alihamia kijiji cha jirani na wanawe, bila tofali hata moja, na hakunisemesha tena hadi anafariki.

Waliokuwa wakichungulia dirishani ndio walioyachukua maneno yake, wakayafupisha, yakaenea. Tangu hapo, mtu akisogeza tarehe ya ahadi yake, au akibadilisha kipimo ili kisimuumbue, huku kwetu anaambiwa hivyo hivyo. Mimi niliambiwa wa kwanza, na kalamu ilikuwa mkononi: kuhamisha kigingi si kuhamisha ziwa.