Injini ya Kiboko Bado Haijalainika

Ngano hii aliitoa kwanza shangazi yangu, Namsifu Mbwambo, mwezi wa Juni mwaka 1983, nyumbani kwetu Usangi. Siku hiyo kaka zake wawili, Elinami na Kanaeli, walikuwa hawasemezani. Gari la ukoo lilikuwa limekufa injini. Elinami alitaka waiunde upya kwa vipuri vya kuokoteza; Kanaeli alitaka wanunue nyingine nzima. Shangazi aliwamiminia chai wote wawili, akakaa katikati yao, akaita, nasi tukaitika. Naiandika kama nilivyoisikia.

"Nije nisije?"

"Njoo, mlango u wazi!"

"Nije na nini?"

"Njoo na uongo, ukweli tunao!"

Basi alikuwepo Kiboko. Kiboko alikuwa na mwili mkubwa, mdomo mkubwa na gari kubwa. Bonde zima lilikuwa na gari moja tu, nalo lilikuwa lake, na hakumpakia mtu. Mgonjwa akiomba lifti, Kiboko husema, "Utanichubulia viti." Mama mwenye mimba akiomba lifti, Kiboko husema, "Utanichubulia viti." Viti vyenyewe vilikuwa vimebaki springi tupu.

Ng'ambo ya mto alikaa Nguchiro, mdogo, mkia mrefu, macho hayatulii. Yeye alikuwa na mashine ya kusaga. Ilikuwa kuukuu, inakohoa: kho-kho-tuku, kho-kho-tuku. Lakini ilisaga.

Siku moja Kiboko aliwasha gari. Likasema ng'ee, ng'ee, ng'ee. Kisha likanyamaza, na moshi mweusi ukatoka kama roho. Kiboko akawaita wanyama wote mtoni.

"Injini imekufa. Niseme ninunue, au niunde mwenyewe?"

"Nunua, Mzee," alisema Digidigi.

"Nikinunua, muuzaji si atapata kitu?"

"Atapata, Mzee."

"Apate kwa lipi? Nitaunda!"

Nungunungu akauliza kwa adabu, "Mzee, kuunda injini unajua?"

"Injini ni nini? Ni kitu kinapanda, kinashuka, ndani ya tundu. Kinu na mchi! Hata bibi yako anayo jikoni."

Kweli, bibi yake alikuwa nayo, mpaka jioni ile. Kiboko alikwenda kwa Nungunungu, akachukua kinu na mchi. Akaenda kwa Digidigi, akachukua kinu na mchi. Akaenda kwa Kobe, akachukua kinu na mchi. Aliyelalamika alionyeshwa meno. Vinu vyote vya bonde vikapangwa ndani ya boneti, vikafungwa kwa kamba, vikamiminiwa dizeli. Kiboko akakaa kwenye usukani, akatia moto.

Tu... tu... PAA!

Mchi wa Kobe ulitoboa boneti ukampiga Kiboko puani. Mchi wa Digidigi uliruka juu, na hakuna aliyeuona ukishuka. Vinu vilipasuka vyote.

Kiboko alifuta pua. "Kosa si langu," akasema. "Ni la vinu. Vimezoea mahindi."

Sasa bonde zima halikuwa na kinu hata kimoja. Aliyetaka unga alivuka mto kwenda kwa Nguchiro, na mashine ilikohoa kutwa nzima, kho-kho-tuku, kho-kho-tuku. Kiboko, kichwa ndani ya maji, akaisikia. Masikio yakasimama.

"Kumbe injini ipo, nami nahangaika! Kesho naja kuibeba."

Wanyama wakamkimbilia Nguchiro. "Tumekwisha!" alisema Digidigi. "Watoto watakula mahindi makavu? Wa kwangu hata magego hawajaota."

Nguchiro alikuwa anakaza boliti. Hakuinua kichwa. "Mwacheni aje," akasema.

Asubuhi Kiboko alikuja na mnyororo begani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ondoka hapo nibebe."

"Beba, Mzee. Ila inuse kwanza."

Kiboko akainusa. "Inanuka nini hii?"

"Pumba. Miaka yote imenuka pumba, haitoki. Ukipita nayo njiani, watu hawatasema Mzee Kiboko anapita. Watasema msaga unga anapita."

Juu ya mti, Nyani akacheka: kwe-kwe-kwe!

Kiboko akamtazama Nyani. "Wataniita msaga unga?"

"Mzee, si unasikia wameshaanza?"

Kiboko akageuka na mnyororo wake begani, akarudi majini amenuna. Akafikiri. Kuunda kumempiga pua. Kuiba kutamchafulia jina. Kununua kutamwuma. Akachagua kuumwa. Chini ya mto alikuwepo Mamba, mfanyabiashara, nyumba yake imejaa vyuma vya kila namna. Kiboko akampa shamba lake lote la miwa, akapewa injini mpya, grisi ya kiwandani bado inang'aa. Akaivuta mpaka nyumbani analia: miwa yangu, iii, miwa yangu!

Njiani alimkuta Nguchiro amesimama, mikono nyuma.

"Hongera, Mzee. Mali safi. Imeshalainika?"

"Imelainika nini?"

"Ah! Mamba hakukwambia?"

Sasa hapo sikilizeni vizuri. Injini mpya ni ngumu, vyuma vyake havijazoeana. Mafundi huiacha izunguke kwanza polepole, na kazi nyepesi, ndipo waibebeshe mzigo. Hilo ni kweli kabisa. Uongo wa Nguchiro ulijengwa juu ya ukweli, ndiyo maana ulisimama wima.

"Ukiifunga kwenye gari hivi hivi, italipuka," alisema Nguchiro. "Ile ya mti ilikupiga pua, Mzee. Hii ni ya chuma."

Kiboko akajishika pua. "Inalainishwa wapi?"

"Kwangu. Naifunga mkanda, inazungusha jiwe kidogo kidogo."

"Utanitoza nini?"

"Nikutoze wewe, Mzee? Bure! Dizeli tu ndiyo utaleta."

"Bure?" Kiboko alilipenda neno hilo kuliko miwa.

Injini ikafungwa. Tukutukutukutuku! Unga ukamwagika mweupe. Ile kuukuu ilikohoa mara ya mwisho, ikafa kwa amani. Kobe akaifanya kiti.

Kila asubuhi Kiboko alivuka mto, dumu la dizeli mgongoni.

"Imelainika?"

"Bado kidogo, Mzee. Isikilize mwenyewe."

Tukutukutuku.

"Kweli, bado," husema Kiboko, asiyejua anachosikiliza. Hutua dumu, hurudi majini kabla jua halijambabua ngozi.

Masika yakaja. "Imelainika?" "Bado kidogo, Mzee." Kiangazi kikaja. "Imelainika?" "Bado kidogo, Mzee." Watoto wa Digidigi wakaota magego, wakanenepa mashavu.

Hatimaye Kiboko akaja bila dumu, mdomo wazi mpaka koo laonekana. "Leo naondoka na injini yangu!"

Wanyama kwenye foleni wakakumbatia mahindi yao. Nguchiro akafungua mkanda taratibu.

"Ni yako, Mzee. Sina neno. Masikitiko yangu ni kwamba ikikatizwa kabla ya wakati, inarudi ngumu. Itabidi tuanze upya."

"Upya?"

"Mwanzo kabisa."

"Na dizeli yangu yote ile?"

"Imepotea."

Kiboko akafunga mdomo. Akafikiri mpaka akatoka jasho. "Rudisha mkanda," akasema. "Mimi si mjinga wa kutupa dizeli yangu."

Akaenda kuleta dumu.

Tangu hapo, akishafikisha dizeli, Kiboko huingia ndani ya gari lake lisilo injini, hushika usukani kwa mikono miwili, na kutoa sauti kwa mdomo: vuuum, vuuuum! Nyani akipita humwambia, "Safari njema, Mzee!"

Naye hujibu, "Asante. Lakini sikupakii."

"Mzigo nautua!"

"Utue, tumeuona!"

Funzo, alisema Shangazi, ni hili: mkubwa hashindwi na mdogo hata siku moja, na ukipewa msaada wa bure, pokea mbio.

Elinami alifariki mwaka 1991, na Shangazi Namsifu mwaka 1996. Kanaeli yu hai, na mpaka leo anasema katika ngano ile aliyesemwa ni Elinami, si yeye.