Jino la Jirani

Wapendwa, mwanamke mmoja alikuwa fundi cherehani, mama wa watoto wanne. Jino lilimsumbua wiki tatu, na kila likianza kuvuta alimeza vidonge viwili vya maumivu, akaendelea kushona. Angefanyaje? Nyinyi mnajua. Mama akilala, nyumba nzima inalala njaa.

Hata siku aliyokwenda hospitali alimeza kwanza, asije akalia mbele ya watu. Kwenye benchi, mwenzake aliyeshika shavu akamtazama.

"Dada, wewe umekuja kutibiwa au kutusalimia?"

"Nimetanguliza viwili nyumbani. Nimechoka kuumwa, shoga yangu."

Zamu yake ikafika. Daktari akagonga meno kwa kichuma, akaona mawili yaliyopakana yana madoa.

"Lipi linauma, mama? Hili, au hili la nyuma yake?"

Akasikilizia maumivu; hakuna hata moja lililouma.

"Umemeza dawa yoyote leo?"

Akaona aibu. Tena alijua akikubali ataambiwa arudi kesho. Kesho ipi, na sare za watu zimejaa mezani?

"Sijameza kitu. Ni hilo la mbele. Ng'oa tu, niwahi nyumbani."

Likang'olewa. Alasiri, ganzi na vidonge vilipoisha nguvu, jino likaanza kuvuta. Lile lile. Lilikuwa bado mahali pake. Lililotupwa ni jirani yake.

Mnaguna. Sisi je? Yapo mambo yanayooza ndani mwetu miaka na miaka, nasi tunayatuliza kwa kazi, kwa kelele, kwa kujibu "sijambo" kila tukiulizwa. Siku tukichoka kabisa tunataka kitu kitoke leo leo, tunanyoosha kidole. Msichana wa kazi anafungashiwa nguo zake. Mke wa mtoto anarudishwa kwao. Jioni nyumba inauma pale pale. Tumemng'oa nani, akina mama, asiye na kosa?

Ukienda hospitali, ukiulizwa umemeza nini, sema. Na tukipiga magoti sasa hivi, tusijitulize kwanza. Tuache mahali penyewe paume mpaka tupajue. Inachosha, najua, hata mimi nimechoka. Lakini yule mwanamke jino lake halirudishwi tena. Yule tuliyemfukuza sisi, namba yake ya simu tunayo.