Mtoto Asiyejua Mwakeye

Wahenga hawakuwahi kuona kompyuta, lakini waliposema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, walisema neno kubwa kuliko walivyodhani. Maana yake haina mafumbo: tabia ya mtoto haidondoki kutoka mawinguni, hutoka mikononi mwa mlezi wake. Methali hii tumezoea kumtupia jirani ambaye mwanawe amempita mzee njiani bila kumwamkia. Mwaka huu, hapa Kasulu, iliwaangukia watafiti wawili wenye shahada zao, na mtoto mwenyewe hakuwa na kichwa wala miguu.

Mtafiti wa kwanza ni Vestina, binti wa Heru Juu, aliyesomea akili unde chuoni na kurudi nyumbani na ndoto moja: mashine ya kwanza itakayozungumza lugha ya mama yake. Mkulima angepiga simu bure, hata kwa simu ya kitochi, aulize jambo la shamba kwa Kiha na kujibiwa kwa Kiha. Mwenzake aliitwa Khamisi, mzaliwa wa Temeke aliyehamishiwa Kasulu na serikali. Khamisi alikuwa fundi wa kompyuta asiye na mfano, mwenye moyo safi, ila maneno yake yalikuwa machache kama mvua ya Agosti. Kwake, kumuuliza mtu habari za jana, za juzi na za mbuzi wake ilikuwa kupoteza siku.

Waligawana kazi. Vestina alikaa na mabwana shamba kuandaa majibu. Khamisi alibaki na sauti za wanakijiji zilizorekodiwa, kwa kuwa mashine ya namna hii hufunzwa kwa kusikilizishwa watu wengi mpaka ishike namna yao ya kusema. Basi aliposikiliza, alichoka. Kila mtu alianza na salamu ndefu, akapiga makofi taratibu kama Waha wanavyosalimiana, akauliza hali ya nyumba nzima, ndipo akafika kwenye muhogo.

"Nimekata salamu zote," Khamisi alimwambia Vestina. "Na yale makofi nimeyafuta. Ni kelele tu."

Vestina, ambaye kazi zilikuwa zimemfika shingoni, alijibu, "Sawa, fanya unavyoona." Alijuta baadaye, lakini majuto ni mjukuu.

Huduma ilipofunguliwa, simu zilimiminika kwa siku chache, kisha zikakauka. Watu walipiga, wakakata kabla ya kuuliza lolote. Habari zikafika kwa wafadhili wa mradi, na jibu lao halikuwa na sukari: mkaguzi angekuja kabla ya msimu wa kupanda, na kama wakulima hawaitumii mashine, ingefungwa na fedha zihamishiwe mkoa mwingine. Vestina alilia siku hiyo. Lugha ya mama yake ilikuwa imepata nafasi moja, nayo ilikuwa inamponyoka mkononi.

Jumamosi alipanda bodaboda mpaka Heru Juu. Alimkuta mama yake, Esteri, uani na majirani wakichambua maharage. Akamwomba aipigie mashine, wote wasikie.

"Mwakeye, mwanangu," Esteri aliisalimu kwa Kiha, kwa upole, akapiga makofi.

"Uliza swali," mashine ilijibu.

"Mwakeye. Nyumbani ni wazima?"

"Sijaelewa. Uliza swali."

Esteri aliiweka simu chini kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. "Mtoto huyu ni wa nani?"

"Ni wetu, mama. Tumemtengeneza mimi na Khamisi."

"Basi kamfuata baba yake," alisema Esteri. "Khamisi naye akija hapa husema, 'Shikamoo mama, Vestina yupo?' Vyote kwa pumzi moja. Marahaba yangu haipati hata pa kupitia."

Uani pakawa kicheko kitupu. Mpaka Vestina, aliyekuja na uso wa msiba, alicheka akashika mbavu. Ila jirani yao Japhet alipomaliza kucheka, alisema neno lililomkaa Vestina moyoni.

"Mimi nilipiga, nikakata. Nilikuwa na aibu ya shambani kwangu. Mtu hawezi kuanza na aibu, mwanangu. Unaanza na mvua, unaanza na watoto, ukiona mwenzako ana utu, ndipo unatoa lililokuleta. Huyu alinitaka nivue nguo mlangoni."

Vestina alijua hayo tangu utotoni. Alikuwa ameyaona kila jioni katika ua uleule, na bado aliyaacha yakatwe. Jumatatu alimweleza Khamisi, naye alisikiliza huku akikuna kidevu.

"Kwa hiyo nimelea mtoto jeuri," alisema.

"Tumelea wote wawili. Mimi nilikuwa mama asiyekaa nyumbani."

Kwa bahati Khamisi hakuwa mtu wa kutupa vitu. Salamu na makofi alikuwa ameyahifadhi kando, akayarudisha yote. Hata hivyo hayakutosha, hivyo wakambeba mtoto wao mpaka ua wa Esteri akalelewe upya. Wanawake walichambua maharage, kompyuta ikiwa juu ya kinu katikati yao, wakaisemesha kama mtoto wa jirani aliyeletwa likizo. Akikosea, walimrekebisha. Akiharakisha, walimwambia atulie. Alifundishwa kwamba makofi ni maneno, na kwamba mtu akinyamaza hajamaliza. Asubiriwe, aulizwe tena kama nyumbani kwingine ni kwema. Khamisi naye alilazimika kusalimia kila aliyeingia, kwa makofi na magoti kukunjwa kidogo, na wanawake walimsahihisha yeye mara nyingi kuliko mashine. Moyo wa Vestina ulikuwa mweupe siku hizo.

Simu zikaanza kurudi, kisha zikafurika. Kweli mtoto aliokota na umbea kidogo wa uani. Kijana mmoja wa Kasulu mjini aliulizia bei ya mbolea, naye akaulizwa ataoa lini. Khamisi alitaka kuufuta umbea huo, lakini muda haukutosha.

Mkaguzi alifika. Aliitwa Bi Winnie, mama wa makamo aliyevaa miwani na kuizoea saa yake kuliko watu. Alikaa ofisini kwao, akataka kusikia simu yoyote itakayoingia wakati huo, Vestina amtafsirie. Haikuchukua muda. Mpigaji alijitambulisha kuwa Claudine, wa Muyama.

Mashine ilimsalimu. Makofi yakapigwa huku na huku. Ikaulizia watoto, ikaulizia mvua, ikaulizia mbuzi.

Bi Winnie aligongagonga meza kwa kalamu. "Haya yote ya nini? Simu hii tunailipia sisi."

Hatimaye Claudine aliuliza maharage yapandwe lini, na mashine ikamjibu vizuri.

"Ameshajibiwa," alisema Bi Winnie. "Mbona haikati?"

Mashine haikukata. Ilisubiri, kisha ikauliza kwa sauti ya taratibu, sauti ambayo Vestina aliijua kuwa ni ya uani kwa mama yake, "Na nyumbani kwingine ni kwema, dada?"

Claudine alinyamaza. Mashine nayo ikanyamaza, ikimngoja. Kisha yule mama akasema kwa sauti ya chini kwamba chakula kimemwishia. Kikundi chao cha wakulima kilimpa mbegu za maharage zilizopakwa dawa ya rangi nyekundu, naye ameziosha mpaka rangi imetoka, ziko chunguni zinachemka. Aliona haya kumuuliza mtu wa kikundi. Je, watoto wakila kuna ubaya?

Vestina alitafsiri haraka. Bi Winnie aliinuka kitini.

"Dada, epua sasa hivi," mashine ilisema. "Asile mtu, hata kidogo. Dawa ile ni sumu, haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Kuna aliyekwisha kuonja?"

"Hakuna. Wako shuleni, wanarudi sasa hivi."

"Mungu ni mwema. Fukia yote shimoni, mbali na maji na kuku, na chungu usikipikie tena. Kupika mbegu kwa njaa si aibu yako. Naomba ruhusa nimwambie bwana shamba wa Muyama, watoto wapate chakula leo."

Claudine alikubali huku analia. Alipiga simu tena baada ya muda, Bi Winnie akiwa bado pale ofisini, na safari hii hakuuliza kitu. Maharage yalikuwa shimoni, bwana shamba alikuwa amefika na unga na dagaa, watoto walikuwa wanakula. Alisalimia tu, akacheka, akamwambia mtoto yule abarikiwe. Mtoto naye akamuuliza mbuzi wanaendeleaje, kana kwamba hakuwaulizia siku ileile.

Bi Winnie alivua miwani akafuta macho bila kujificha. "Kama ingekata pale niliposema ikate," alisema, kisha hakuimalizia sentensi. Akawageukia. "Mradi hauhami. Nitaomba ufike hadi wilaya ya Kibondo pia. Lakini niambieni, nani amemlea mtoto huyu?"

Khamisi ndiye aliyemjibu, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na haraka.

"Mara ya kwanza nilimlea mimi, mama, akawa kama mimi, hana muda na mtu. Mara ya pili wamemlea wanawake wa Heru Juu, akawa kama wao, hamwachi mtu mpaka ajue nyumbani kwake ni salama. Mashine ni ileile. Waliosema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo hawakukosea hata neno moja."