Yaya wa Kheri ni Yupi?

Haya, sogeeni. Atakayesinzia apigwe kiwiko, maana mwishoni nitawauliza.

Nyumbani kwa Bi Nuru, mjini Tanga, kulikuwa na wafanyakazi watatu. Mwanakombo mpishi, ambaye wali wake wa nazi uliwaleta majirani kuomba chumvi ilhali wanayo. Siwema dobi, mwenye sauti ya kumlaza hata jogoo. Na Rehani wa bustani, jitu zima, lakini mikononi mwake yai halivunjiki. Mtoto wa nyumba, Kheri, alikuwa na miaka miwili na hajatamka neno.

Basi Bi Nuru akawa anahamia Dodoma, na garini nafasi ilikuwa ya mmoja tu.

"Kheri atakayemwita kwanza, ndiye tutakayekwenda naye," alisema.

Mwanakombo alikosa raha. Alimpenda yule mtoto kupita kiasi.

Siku ya kuhama, Kheri aliufuata ukoko ndani ya sufuria, kama Mwanakombo alivyomzoesha kila mchana. Safari hii kiliingia kichwa kizima, na sufuria ikagoma kutoka!

"Mama yangu weee!" Mwanakombo akakimbilia mafuta ya nazi, akayamimina ukingoni mpaka yakachuruzika.

Mafuta yangefaa nini, mtoto anarusha mateke? Siwema akaegemeza mdomo kwenye sufuria, akaimba. Kheri akatulia tuli.

Rehani naye akaizungusha taratibu, asije akaondoka na sikio. Pwa! Ikatoka.

Kheri, anang'aa mafuta, punje ya wali puani, akawatazama wote, akasema: "Yaya!"

"Yaya?" Bi Nuru akashika kiuno. "Humu hatuna yaya!"

"Kalisikia kwa jirani," alisema Rehani. "Wanaita kutwa."

Bibi Maua, mama mkwe wa Bi Nuru, akacheka. "Neno lenyewe limevuka bahari, wanasema Wareno waliwaachia Wahindi, ndipo likatufikia sisi. Kote lilikopita ni mlezi wa mtoto. Haya, mlezi ni nani?"

"Namlisha mimi!" alisema Mwanakombo.

"Namlaza mimi!" alisema Siwema.

"Na aliyemfundisha kutembea?" aliuliza Rehani.

"Tangu lini yaya akawa na ndevu?" alidakia Siwema.

"Ndevu hizi ndizo alizoshikilia akisimama!"

Dereva akapiga honi. Mwanakombo alikuwa analia waziwazi, na kwamba ni yeye aliyemzoesha ukoko wa sufuriani, hakuthubutu kusema. Kheri akanyoosha mikono yake miwili kwa watu watatu.

Haya, wewe unayecheka hapo nyuma: gari linanguruma. Nani apande?