Timu ya Nafasi ya Hamsini na Tisa

Shoga, hili ni la siri. Apa kwanza kwamba halitatoka mdomoni mwako. Umeapa? Haya, sasa wasambazie wote ulionao kwenye simu, maana mimi kulibana nimeshindwa.

Palikuwa na nchi moja, jina lake nalimeza, ambayo timu yake ya taifa ya wanawake ilipanda mpaka nafasi ya hamsini na tisa duniani. Nchi ilirindima! Mkuu wa nchi akawapikia pilau. Kocha wao, Mwalimu Shekue, akavishwa shada, na tangu siku hiyo hata akienda sokoni alitembea kama bwana harusi.

Nahodha aliitwa Sikudhani. Mabao yake yote aliyafunga ugenini, na mama yake, ambaye miguu ilishakataa kumbeba, hakuwahi kumwona hata siku moja.

"Siku mkicheza hapa nyumbani," mama alisema, "nipelekeni hata kwa toroli."

Basi kila Jumatatu Sikudhani akawa anauliza, "Mwalimu, kuna timu iliyoomba kuja kucheza nasi?"

"Bado, mwanangu. Wanatuogopa."

Mwaka ukaisha: bado. Wa pili: bado. Wakawa wanacheza wao kwa wao, mpaka kila mmoja akajua mwenzake atampiga chenga upande gani. Beki akaolewa akaacha. Kipa akaenda kukaanga samaki.

"Nyie mabingwa wa mazoezi," watu wakawatania, "kombe lenu la jasho mtakabidhiwa lini?"

Sikudhani alicheka nao, kisha akaenda kulia chooni.

Mwaka wa tatu mama akafa. Wachezaji walikwenda kumzika wamevaa jezi mpya za taifa, bado zina mikunjo ya dukani. Mwalimu Shekue alilia kuliko wote. Watu wakasema, huyu mtu ana moyo!

Mwaka wa nne ulipotimia, orodha ya dunia ikatoka. Hamsini na tisa, hawapo. Sitini, hawapo. Wakashuka na kidole mpaka chini kabisa. Hawapo. Kumbe timu ikikaa miaka minne bila mechi, hufutwa.

"Mwalimu atakufa kwa uchungu," Sikudhani akasema. "Twendeni tukampe pole."

Wakaenda wote, na majirani nyuma yao, na chupa ya chai. Wakapiga hodi, mlango ukafunguka wenyewe. Mwalimu alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku lililojaa barua, moja ipo mkononi, anaichana.

Sikudhani akampokonya kipande, akasoma kwa sauti: "Kwa mara ya tisa tunaomba tuje kucheza nanyi huko kwenu. Nauli ni juu yetu."



"Nililinda nafasi yetu!" Mwalimu akasema. "Tungefungwa, tungeshuka. Asiyecheza hafungwi!"

 Sikudhani akainama sandukuni, akatoa barua nyingine, akaitazama tarehe.

"Hii ni ya mwaka wa pili," akasema. "Mama alikuwa hai."

Mwalimu akataka kuificha mikono nyuma. Kipande kilichobaki kikamponyoka, kikaanguka sakafuni, mbele ya macho ya watu wote.

Funzo: Sifa ukiifungia ndani isichafuke, itaozea humohumo, na atakayelia si wewe peke yako uliyeifungia.